ANR na saa 48 za Katiba

Hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, hakuna mtu mwenye kumbukumbu anayeweza kudai kwamba nchi haihitaji wapelelezi. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, waasi waliotaka Katanga ijitenge, waliingia mjini mchana kweupe, na Februari 2021 kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati zilishambuliwa. Kugundua mipango ya namna hiyo mapema ni kuokoa roho za watu, na kazi hiyo haifanyiki hadharani: anayetaka majina ya watoa habari yatangazwe anawatafutia kifo.

Ila ANR, idara ya taifa ya upelelezi, haikusanyi habari tu. Hukamata, huhoji na hufunga. Sheria yake ya Januari 2003, iliyotangulia Katiba ya sasa, inaiweka chini ya Rais wa Jamhuri, na inamtaka hakimu apate kwanza kibali cha mkuu wa idara kabla ya kumshtaki ofisa wake. Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinaamuru kwamba baada ya saa 48 aliyekamatwa aachiliwe au akabidhiwe kwa vyombo vya sheria, na kwamba aruhusiwe mara moja kuwasiliana na jamaa zake au wakili. Hata hivyo Fred Bauma na Yves Makwambala, waliokamatwa Kinshasa Machi 2015 katika mkutano wa vijana wanaharakati, walikaa mikononi mwa idara hiyo zaidi ya mwezi mzima. Kwa familia, hali hiyo ni mama anayetoka mtaa wa Katuba na sahani ya bukari (ugali), akizunguka kasho hadi kasho, yaani seli za mahabusu, na kila mlangoni anaambiwa mwanawe hayupo.

Watetezi wa idara husema saa 48 hazitoshi kuufichua mtandao wa waasi. Hoja hiyo ina uzito, lakini muda zaidi upo tayari kisheria: mwendesha mashtaka anaweza kumzuilia mshukiwa siku 5, jaji akaongeza 15, kisha mwezi baada ya mwezi. Anachopata mpelelezi anayeukwepa utaratibu huo ni nafasi ya kutenda bila kuonwa na yeyote, na humo ndimo mateso huzaliwa, pamoja na maungamo ya uongo yanayompotosha yeye mwenyewe.

Machi 2019 Rais Tshisekedi aliagiza makasho yasiyosimamiwa na mahakama yafungwe. Niliifurahia hatua hiyo, ingawa agizo la rais mmoja laweza kutenguliwa na mwingine, au kusahauliwa tu. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuiandika upya sheria ya 2003: liiachie ANR usiri wake wa kupeleleza, liinyang'anye funguo za makasho, na lifute kile kibali.