Tuambiwe mapema chemba za majitaka zinapofumuka

Mwandishi wa makala kuhusu Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, ameeleza vizuri jinsi majitaka yanavyoingia mtoni kila mvua kubwa inaponyesha, ila jambo moja amelipita haraka: sisi wa huku bondeni nani hutuambia? Masika iliyopita chemba ya karibu na kwangu ilifumuka usiku, mfuniko ukasogea kabisa, maji meusi yakateremka na mtaro hadi mtoni. Asubuhi namkuta jirani yangu ameinama ukingoni anaosha mafungu ya mchicha ya kupeleka sokoni, na wanawe wanavuka miguu mitupu kwenda shule. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu ya harufu tu. Tulipopiga simu tukaambiwa mafundi watakuja. Walifika siku ya tatu.

Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Dar hii hii, hatujasahau. Kule England, tangu Januari 1, 2025, sheria inazitaka kampuni za majitaka zitangaze ndani ya saa moja pale mifumo yao inapozidiwa na mvua na kumwaga uchafu mtoni. Wenzetu wana vipimo kwenye mabomba, sawa. Sisi tuna wenyeviti wa mitaa, vipaza sauti vya misikiti na makundi ya WhatsApp. Taarifa ya chemba ikipokelewa tu, ujumbe utoke: mto usiguswe, mboga zisioshwe humo mpaka tutangaziwe tena. Na kibao chekundu kiwekwe pale kivukoni, maana watoto wanaovuka pale hawana simu.