Kumzidi mtu si kumshinda

Mama yangu mdogo aliuza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, kwa miaka mingi, na wakati wa likizo nilikuwa nashinda naye pale. Siku moja alikuja mteja, akachota dagaa kiganjani, akawapuliza, akawageuzageuza. Akasema, "Mama, mimi nimezoea wa Mwanza. Wa Mwanza bora." Mama mdogo hakukasirika. Akamsogezea sado, akamjibu, "Wa Mwanza wametuzidi wingi, baba. Utamu hawajatuzidi. Hawa wameanikwa kwenye chanja, mchanga hawaujui. Onja." Yule baba akamnyofoa mmoja kichwa, akatafuna kimyakimya, halafu akapimiwa sado mbili.

Mteja alisema "bora" akaishia hapo, hakusema bora kwa lipi. Mama mdogo alitaja kitu na kipimo chake, na palipo haki ya mwenzake akampa. Mimi naamini hiyo ndiyo adabu ya kulinganisha kwa Kiswahili, na inanisikitisha kuona tunaiacha.

Lugha yetu haina kiambishi cha kugeuza "refu" liwe refu kumpita mwenzake. Kazi hiyo tumewapa akina kuliko, kupita, kuzidi na kushinda, na siku hizi tunawatumia kama vile wote ni mmoja. Tukichoka tunabandika "zaidi" mwishoni, basi.

Chukua "kuliko". Ukilivunja unapata ku-li-ko, yaani mahali kulipo na kitu. Nikisema Juma ni mrefu kuliko Hamisi, nimeupima urefu wa Juma pale alipo Hamisi. Hamisi amebaki na kimo chake, hakuna aliyemgusa. Ni neno la upole.

"Kupita" lina njia ndani yake. Huwezi kupitwa na mtu ambaye hamkuwa mnaelekea upande mmoja.

"Kushinda" ndilo linaloniuma. Nilipokuwa darasa la 6, matokeo yalisomwa mstarini, shule nzima ikisikiliza. Mtoto wa mama mdogo tulikuwa naye darasa moja, nami nimemtangulia kuzaliwa. Mwalimu akaniita mbele akasema, "Mdogo wako amekushinda!" Watoto wakacheka. Sikujua siku ile kwa nini neno lile lilizama vile, leo najua. Kushinda kunataka pambano, na kwenye pambano lazima awepo aliyeshindwa. Na kushindwa kwa Kiswahili si kupoteza mchezo tu, ni kutoweza. "Nimeshindwa kubeba," "kazi imenishinda." Mtoto akiambiwa ameshindwa anasikia yote mawili kwa mpigo: kwamba leo yuko nyuma, na kwamba hawezi.

Nilifika nyumbani Ujiji nikamweleza babu kwamba nimeshindwa. Akauliza, "Mmepigana?" Nikasema hapana, ni mtihani. "Basi amekupita. Aliyekupita yuko mbele yako, njia hajaibeba." Nikala chakula cha usiku.

"Kuzidi" ndilo ninalolipenda, maana linakulazimisha useme kwa lipi: amemzidi kimo, amemzidi umri, amemzidi maneno. Watu wawili wanaweza kuzidiana, huyu kwa hili, yule kwa lile, na wote wakabaki na heshima zao. Lakini ukilinyima kipimo linageuka kuwa karipio. "Umezidi!" ni neno la kumwambia mtu aliyevuka mpaka, na kila mtoto analijua kabla hajajua kuandika.

Tazama ziwa letu, Tanganyika. Ziwa Victoria linalizidi eneo, tena zaidi ya mara 2: kilometa za mraba 68,800 hivi kwa 32,900. Kwa kina, Tanganyika inafika mita 1,470 na Victoria haifiki hata 100. Duniani kote ni Baikal la Urusi tu linalolizidi ziwa letu kina. Sasa niambie lipi "bora zaidi". Swali lenyewe halina miguu mpaka useme unapima nini.

Neno "bora" nalo lina mtego wake, na ni mzuri. Likikaa nyuma ya jina linasifu, likitangulia linadharau. Elimu bora ni kitu kimoja, bora elimu ni kingine kabisa: ilimradi imeitwa elimu. Na "afadhali" lina safari ya ajabu. Kwa Kiarabu lilikotoka ni la kumtaja aliye juu, mwenye fadhila kuwapita wengine. Kwetu limeshuka likawa neno la wodini. Ukiuliza hali ya mgonjwa ukajibiwa "afadhali", unajua bado hajapona, ila jana ilikuwa mbaya. "Heri" ni ndugu yake: heri nusu shari kuliko shari kamili. Pande zote mbili ni shari, unachagua tu ipi utaweza kuibeba.

Hata "hafui dafu" tunalisema hapa kila siku, ingawa mti wetu ni mchikichi na dafu ni mambo ya pwani. Tumelipokea, nalo linafanya kazi, lakini ni kali. Linamaliza mazungumzo.

Ninachowaomba walimu ni kitu kidogo, na nakiomba kwa moyo wote. Mnaposoma matokeo, semeni "amemzidi hesabu", au "amempita kwa alama 4". Msiseme "amemshinda". Na ninyi mnaotangaza redioni, mkisema kitu ni bora zaidi, mtuambie zaidi ya kipi, na kwa lipi. Mama mdogo aliyaweza hayo akiwa na mikono imejaa magamba ya dagaa.

Yule ndugu yangu alinizidi hesabu mwaka ule, na mpaka leo ananizidi. Kikao cha ukoo kikikaa, daftari la michango analishika yeye. Muhtasari naandika mimi.