Nani auzime kwanza? Moto wa Nantucket na zimamoto wa kujitolea

Usiku wa tarehe 13 Julai 1846, moto ulizuka kwenye duka la kofia huko Nantucket, kisiwa cha wawinda nyangumi karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani. Vikosi viwili vya zimamoto, vyote vya wakazi wa kujitolea, vikafika. Wenyeji husimulia kwamba vilianza kugombea nani apate sifa ya kuuzima, na huku wakibishana moto ukapanda. Hadi unazimika, ulikuwa umekula theluthi ya mji, majengo zaidi ya 250.

Kisa hiki ni silaha ya wanaosema kuzima moto si kazi ya kujitolea. Na wana hoja. Vikosi vya enzi hizo vilikuwa kama timu za mtaani: kila kimoja na pampu yake, fahari yake na mahasimu wake. Katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, vikosi vilipigana mbele ya moto mwaka 1851. Miaka miwili baadaye mji ukaajiri wazimamoto wa mshahara na kununua pampu ya mvuke, isiyohitaji umati wa kuisukuma.

Hata hivyo, nahisi watu wa Nantucket wanaonewa kidogo. Nyumba zilikuwa za mbao, kiangazi kikavu, na maghala ya bandarini yamesheheni mafuta ya nyangumi. Mapipa yalipopasuka, mafuta yakatiririka baharini yakiwaka. Moto juu ya maji! Pampu ya mkono ingefanya nini hapo, hata anayeisukuma angelipwa dhahabu? Nyumba zililipuliwa kwa baruti ili kuukatia moto njia, bado ukapita. Ubishi ule uligharimu, sikatai. Ila kilichokosekana ni sauti moja ya kusema "ninyi hapa, wenzenu kule" na ikasikilizwa, na hiyo hainunuliwi kwa mshahara.

Kuna pia suala la fedha. Mji mdogo hauungui kila wiki. Kuwalipa watu mwaka mzima wausubiri moto ni mzigo. Ndiyo maana hadi leo zaidi ya nusu ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea. Na ile fahari tunayoilaumu ndiyo inayomtoa mtu kitandani saa nane usiku bila senti.

Wenyewe Nantucket, walipojenga upya, walianza na mji: barabara kuu ikapanuliwa, na maduka yake yakainuliwa kwa matofali.