Roboti ije ibebe damu, salamu tuachieni sisi

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu mtu alituma video ya roboti nyeupe ikipita varandani mwa hospitali huko Marekani. Ina mkono mmoja, na macho yake ya taa hugeuka kuwa mioyo. Inaitwa Moxi. Binamu yangu, nesi katika hospitali ya kaunti huku magharibi mwa Kenya, akaandika maneno mawili tu: “Watuajiri kwanza.” Mzee mmoja akamjibu kwamba roboti haigomi wala haidai nyongeza, na watu wakamwekea vidole gumba kwa wingi.

Jibu hilo limeniudhi sana. Mgomo wa manesi wa 2017 ulichukua karibu miezi mitano, na wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56. Sisi tuliozunguka na wagonjwa wetu miezi hiyo tukitafuta mlango uliofunguliwa tunajua uchungu wake. Lakini yote miwili ilihusu mkataba wa kazi na malipo, na waliogoma ndio wale wale wanaosimama mbele ya msimamizi kumwambia glavu zimeisha na oksijeni inapungua. Anayetamani mhudumu asiye na mdomo anatamani wodi ambayo hakuna wa kulisema hilo.

Pamoja na hayo, na binamu yangu pia nina neno naye.

Ile roboti inafanya nini hasa? Inabeba. Inapeleka sampuli maabara, inaleta dawa kutoka famasia na vifaa kutoka stoo, ili nesi wa Kimarekani apunguziwe safari. Sasa, hospitalini kwetu safari hizo huenda nani? Mara nyingi si nesi. Ni mtu wa mgonjwa.

Shangazi yangu alipolazwa nilikabidhiwa chupa mbili za damu yake, bado zina joto, nikaambiwa, “Peleka maabara, haraka.” Nikavuka ua, nikapanga foleni, nikarudishwa kwa sababu fomu haikuwa na muhuri, nikaenda tena. Kisha dawa haipo famasia ya hospitali, vuka barabara ukanunue. Kisha kalipe, ulete risiti. Muda huo wote shangazi alikuwa peke yake, na niliporudi dripu ilikuwa imekwisha, damu inapanda kwenye mrija. Kitanda cha pili alilala mzee ambaye watu wake walikuwa bado njiani kutoka kijijini. Chupa yake ya damu ilikaa juu ya meza ya manesi tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hakuna aliyemchukia yule mzee. Nesi alikuwa mmoja na wodi nzima ilikuwa yake, na mzee hakuwa na wa kumkimbilia.

Damu ikikaa hivyo, sukari inashuka ndani ya chupa na potasiamu inaweza kupanda. Jibu litakalotoka maabara litakuwa la chupa, wala si la mgonjwa, na daktari atatibu kwa jibu hilo. Hivi ndivyo mtu asiye na jamaa karibu anavyozidi kuumwa akiwa ndani ya hospitali. Tumezoea hali hii kiasi kwamba tukisikia jirani amelazwa, swali letu la kwanza ni nani yuko naye. Tunauliza kwa sababu tunajua asiye na mtu hatafika maabara.

Kwa hiyo roboti ya kubeba ije, na ije haraka. Itachukua chupa ya yule mzee sawasawa na ya mgonjwa aliyezungukwa na wanawe sita. Nami ningebaki kitandani kwa shangazi nikimshika mkono na kuiangalia dripu, kazi ambayo hakuna mgeni angeifanya kama mimi.

Wala tusiambiwe kwamba watu wetu wanaogopa mashine. Droni za kampuni ya Zipline zinaruka kutoka Chemelil, hapa hapa Kaunti ya Kisumu, na kudondosha damu na dawa kwa parachuti kwenye vituo vya afya. Muulize mama aliyeongezwa damu baada ya kujifungua kama alijali kilichoileta kina rubani au hakina.

Hofu yangu iko kwenye ununuzi. Mwaka 2015 serikali ilikodisha mitambo ya hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa, na baadhi ya mitambo hiyo ikakaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, stima au maji. Roboti hizi nazo zinahitaji vitu vya kawaida ambavyo hatuna hakika navyo: sakafu isiyo na mashimo, mtandao usiokatika, lifti inayofanya kazi. Hospitali ya UCSF Mission Bay ilipofunguliwa San Francisco mwaka 2015 ilianza na roboti 25 za kubeba mizigo za aina ya TUG, zinazoita lifti zenyewe kwa mtandao. Huku kwetu najua jengo ambalo lifti yake imegeuzwa mahali pa kuweka magodoro mabovu.

Halafu kuna wodi zenyewe. Mwaka 2008 watafiti Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi walichapisha utafiti kuhusu roboti ya kubeba mizigo ndani ya hospitali moja ya Marekani. Roboti ilikuwa ya aina moja. Wodi ya kina mama waliojifungua waliifurahia na kuizungumzia kama mwenzao. Wodi za wagonjwa wenye hali nzito zaidi, ambako manesi hawapati hata nafasi ya kupumua, waliilaani kwa kuwaziba njia na kuwakatiza kazi, na wengine waliipiga teke. Nilipousoma utafiti huo nilimwelewa binamu yangu vizuri zaidi. Kwa nesi ambaye usiku ana wodi ya watu wawili wawili kitandani na wengine sakafuni, mashine inayomwita kila dakika aje aipakue ni mgonjwa mwingine wa kuhudumia. Hapo yuko sawa kabisa: waajiriwe kwanza, kisha mashine iwakute wakiwa na nguvu ya kuipokea.

Nisichokitaka ni roboti ya kupokea watu mlangoni. Mwaka 2016 hospitali za Ostend na Liège huko Ubelgiji ziliweka roboti Pepper, yenye umbo la mtu na inayoongea, kwenye mapokezi, na sina ugomvi na Wabelgiji. Lakini hapa Kisumu anakuja mama mzee kutoka Nyakach, ametoka nyumbani alfajiri, amebadilisha matatu mara mbili. Nesi anamsalimia kwa Kijaluo, “Oyawore, mama,” anamkalisha, anamuuliza habari za watoto. Mama anasema kinachomsumbua ni kichwa. Nesi anaona anavyokwepa kukalia upande mmoja, anauliza tena kwa sauti ya chini, na ndipo mama anasema amekuwa akitokwa damu tangu mwezi uliopita. Salamu ile ilikuwa matibabu yenyewe. Ukiiondoa, yule mama anarudi Nyakach na panadol za kichwa, na saratani ya mlango wa kizazi inaendelea kukua bila mtu kujua.

Najua nitaambiwa habari ya Rwanda, nami sina budi kukubali. Mwaka 2020, wakati wa korona, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliwapa roboti tano za kupima joto na kufuatilia wagonjwa, ili wahudumu wasijianike kwa virusi kila mara. Pale mashine ilisaidia watu, hata ile inayoongea. Na wapo wagonjwa, hasa vijana, ambao habari za siri zao wangeiambia mashine kabla ya kumwambia nesi anayesali kanisa moja na mama yao. Haya, kwa hao iwepo. Lakini iwepo kwa sababu mgonjwa ameichagua. Isiwepo kwa sababu kaunti imeshindwa kulipa mshahara wa mtu wa mapokezi.

Kuhusu vibarua wanaosukuma machela, kaunti isitumie roboti kuwafukuza. Mgonjwa hasukumwi na mashine ya kubeba chupa.

Kaunti yoyote huku kwetu ikifikiria kununua, hata ikiwa moja tu, naomba mkataba utaje fundi anayeishi hapa, mwenye vipuri mkononi, na wagharamie stima ya akiba kabla ya kuzindua chochote mbele ya kamera. Ianze na damu na sampuli za wagonjwa waliolazwa bila jamaa. Na kabla ya mchoro wowote kupitishwa, waulizwe manesi wa zamu ya usiku ianzie wodi gani, ipite mlango upi, na saa ngapi isiwasumbue kabisa.