Msiwaite kasuku wale wajinga

Juzi nilikuwa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati, kule Marekani, mbele ya kile kibanda cha zamani chenye paa la pagoda. Baba mmoja alikuwa akimsimulia mwanawe habari za kasuku wa Carolina, ndege wa Marekani ambao sasa wametoweka kabisa. Akamalizia: walikuwa ndege wajinga, ndiyo maana wakaisha. Nimerudi nyumbani na neno hilo likiwa limenikwama rohoni.

Ujinga gani? Mkulima alifyatua bunduki, wachache wakaanguka, wengine wakaruka. Kisha wakarudi. Wakazunguka juu ya wenzao waliolala chini, wakipiga kelele, na bunduki ikalia tena. Wakarudi tena. Audubon, yule mchoraji wa ndege, aliandika kwamba hali iliendelea hivyo hadi wakabaki wachache mno, mkulima akaona hasara kupoteza risasi zaidi. Jamani, sisi kilio kikisikika kwa jirani tunaacha chungu mekoni tunakimbia. Nani ametuita wajinga? Mimi namlaumu aliyeona kwamba wanarudi, akashindilia risasi nyingine na kuwangoja.

Haya, waliharibu matunda, tena mabichi, wakitafuta mbegu tu. Hasara ile siikatai. Lakini ndege haohao walikula mbegu za yale magugu ya miiba inayong'ang'ania nguo, mbegu zenye sumu ya kuua mifugo.

Kuna waliouawa kwa ajili ya kofia za wanawake. Misitu ya kandokando ya mito nayo ilifyekwa, pamoja na miti mizee ambayo walilala ndani ya mapango yake. Na wataalamu waliochunguza vinasaba vyao, wakatoa matokeo mwaka 2019, hawakukuta dalili za ndege waliokuwa wakififia kwa karne nyingi. Waliisha ghafla, na mkono ulikuwa wetu binadamu.

Wa mwisho kufugwa aliitwa Incas. Mwenzake, Lady Jane, alitangulia mwaka 1917. Yeye akafa tarehe 21 Februari 1918, palepale Cincinnati.

Yule mtoto alikuwa bado ameikodolea macho picha, mwili wa kijani, kichwa cha manjano, uso mwekundu kama embe bivu, huku baba yake akimvuta mkono. Nilitaka kumwambia kwamba walikuwa wanarudi kwa wenzao. Nikasita, wakaondoka.