Ukiitwa kwenye kazi usiyoisomea

Mhitimu wa ualimu kutoka Mkwawa, Iringa, anasubiri ajira ya serikali. Wakati anasubiri, anapigiwa simu: Njombe kuna nafasi ya mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi, njoo ujaribu. Kazi yenyewe haijui kabisa. Aende, au aendelee kusubiri darasa? Nyanda za Juu Kusini swali hili linawakuta vijana wengi, na majibu wanayopewa mara nyingi ni mepesi mno.

Wanaosema aende wana hoja nzito. Wazee wa Njombe na Rungwe walikua na chai, pareto, viazi na mahindi. Parachichi la aina ya Hass la kusafirishwa nje lilipoanza kushika kasi, wengi walioliingia hawakuwa wamelisomea. Mfano mzuri ni wabebeshaji wa miche. Anayeijua kazi hiyo anakata kichwa cha mche ulioota kwenye kokwa la parachichi la kienyeji, anaupasua katikati, anachonga kikonyo, yaani kijitawi, cha Hass pande mbili mpaka kinakuwa kama kabari, anakichomeka na kukaza kwa ukanda wa nailoni. Ganda la ndani la kikonyo lisipogusana na la mche, kikonyo kinakauka na mche umepotea. Ujuzi wa namna hiyo unapatikana kitaluni, kwa kuharibu miche kadhaa mbele ya mtu anayejua.

Kisha soko lenyewe huzaa kazi mpya. Mwaka 2022 Tanzania ilipokubaliana na China kuuza parachichi huko, masharti yake yalihitaji watu wa kukagua wadudu, kutunza kumbukumbu za kila shamba na kueleza wakulima kwa nini tunda changa lisichumwe. Hapo mwalimu haingii mikono mitupu. Kusimama mbele ya kundi na kulieleza jambo likaeleweka ni ujuzi unaotafutwa, na yeye tayari anao.

Upande wa pili hausikiki sana, kwa sababu waliopotea njia hawaitwi kwenye makongamano kutoa ushuhuda. Suala kubwa hapa ni nani anabeba gharama ya kujifunza. Mkulima anayejaribu parachichi huku shamba lake la viazi lipo anaweza kukosea na bado akala. Kijana aliyepanga chumba Makambako hana kinga hiyo. Sheria nayo haimsaidii sana: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masharti yake kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo kipindi ambacho mgeni wa kazi anakosea zaidi ndicho kipindi ambacho ulinzi wake ni mdogo zaidi. Hili linaniumiza, maana wanaohimiza vijana wathubutu hawalitaji.

Tena kuna fursa za jina tu. Kijana anaambiwa ajitolee apate uzoefu. Asubuhi yuko mapokezi, mchana stoo, jioni anapiga picha za bidhaa za kuweka mtandaoni. Mwaka unaisha hajui aandike nini kwenye wasifu wake. Mtaka yote hukosa yote, ila hapa anayetaka yote ni mwajiri na anayekosa ni kijana. Na zipo kazi ambazo neno "jaribu" halifai hata kutamkwa: mgeni haachwi peke yake kwenye mashine ya kupasua mbao Mafinga.

Mimi naegemea upande wa kwenda, kwa sharti moja: pawe na mtu pale kazini anayeijua kazi na mwenye muda wa kuelekeza. Kazi ngeni kwako inafundishika. Mahali ambapo hata anayekupokea anabahatisha, na wewe huna akiba, ni heri kukataa. Huyo mwalimu ningemwambia aulize jina la atakayemfundisha kabla ya kuuliza mshahara, kisha aulize mshahara bila aibu.

Anayekubali asisahau karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anafundishwa pale alipopungua, anapewa cheti. Wengi waliobobea mitaani Mbeya mjini na Mafinga wanafanya kazi safi, lakini zabuni inapodai vyeti wanaachwa nje. Waajiri wanaosifia vijana wenye moyo wa kujaribu wangeweza kuanzia hapo: kumwandikia mgeni mkataba unaotaja atakachofundishwa na malipo yake ya kipindi cha majaribio, na kumruhusu aende kupimwa akishaiva.