Kuhasi mapora: tukifanya huku Mtwara, nani atafaidika?

Mfugaji wa kuku wa kienyeji huku Mtwara anaijua tabu ya mapora, yaani majogoo machanga. Mtetea akiangua vifaranga kumi, karibu nusu ni madume, na wakifika miezi minne uwanja haukaliki. Wanapigana mpaka damu, wanawaandama mitetea hadi manyoya ya mgongoni yananyonyoka, na pumba wanazokula hazionekani mwilini. Jogoo mmoja anawatosha mitetea kumi. Hao wengine tuwafanyeje?

Wapo wanaoshauri tuwahasi kama tunavyohasi beberu, na hoja yao ina uzito. Jogoo aliyehasiwa kabla ya kubalehe hana haja ya kuwika wala kupigana. Anatulia, ananenepa, na nyama yake inakuwa laini yenye mafuta. Mwaka 1849 mwanasayansi wa Kijerumani, Arnold Berthold, aliwahasi majogoo, kisha baadhi yao akawapandikizia korodani tumboni. Hao wakaendelea kuwika na kugombana kama kawaida, ishara kwamba ukorofi unatoka kwenye korodani. Ufaransa, jogoo wa namna hii kutoka Bresse ni kitoweo cha Krismasi, tena cha bei. Hata kwa upande wa dini, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Pwani yetu, wanaruhusu kuhasi mnyama wa kuliwa akiwa bado mdogo.

Lakini jogoo si beberu. Korodani zake hazining'inii. Ziko ndani kabisa, zimegandamana na uti wa mgongo karibu na figo. Pora wa wiki sita hulazwa ubavu akiwa na njaa ya tangu jana ili utumbo uwe mtupu. Mabawa yanafungwa, manyoya yananyonyolewa, ngozi inapasuliwa kati ya mbavu mbili za mwisho, mbavu zinatanuliwa. Kinachotafutwa hapo ni kitu cha njano chenye ukubwa wa punje ya mchele, na pembeni yake unapita mshipa mkubwa wa damu. Ukiugusa vibaya, pora anakufia mkononi. Ukiacha kipande, kinakua tena: upanga wa kichwani unakuwa mwekundu, ugomvi unarudi, na yale maumivu yote yamekwenda bure. Kwa kawaida kazi hii imefanywa bila ganzi. Uingereza wameipiga marufuku, na mimi naona wamefanya sawa.

Tuseme basi amepatikana mtaalamu mwenye ganzi na mkono mwepesi. Bado hesabu inanikatalia. Kuhasi hakuleti chakula. Kunamfanya kuku ageuze chakula cha ziada kuwa mafuta. Kule Bresse analishwa nafaka na maziwa, na sheria za Ulaya zinataka achinjwe akiwa na siku zisizopungua 140. Kuku wetu anajitafutia mchwa chini ya mikorosho na makombo ya jikoni. Ziada hiyo ataitoa wapi? Anayenunua mahindi na mashudu kwa ajili ya banda zima anaweza kunijibu tofauti, ila wenye kuku kumi na tano hawana jibu hilo.

Halafu kuna mnunuzi. Mtazame sokoni: anamshika jogoo miguu, anapapasa kifua, anaangalia kipi cha mguuni, kisha anageuza kichwa aone upanga. Upanga mwekundu kwake ni afya. Uliopauka, kama wa jogoo aliyehasiwa, ni ugonjwa, na hapo anamrudisha chini, maana kila mtu huku ameshapoteza kuku kwa mdondo, ule ugonjwa wa kideri. Utamweleza nini akuelewe? Tena anayefuata kuku wa kienyeji anataka nyama ngumu ya kuchemsha taratibu kisha kuungwa kwa nazi, si ulaini.

Ningekuwa na fedha ya kumlipa mhasi, ningeiweka kwenye chanjo ya mdondo, tone moja la jichoni kila miezi mitatu, na kwenye kibanda cha kuwatenga mapora. Majogoo wasipokuwa na mtetea wa kugombea hutulia kiasi cha kushangaza. Vifaranga wakianguliwa Mei, mapora watakuwa tayari Oktoba na Novemba, korosho zinapouzwa na watu wana hela mfukoni.